Makasha ya Mpiga Picha wa Mutwanga

Tarehe 16 Februari 2018, siku ya Ijumaa, Jemima Kavugho wa Butembo aliweka picha yake ya kwanza kwenye Facebook, na tarehe hiyo bado inasomeka chini yake. Picha inaonyesha wakulima waliopanga foleni mbele ya mzani wa kahawa, mwaka 1974. Jemima aliandika namba ya picha, mahali ilipopigwa, na swali: "Nani anawatambua watu hawa?" Majibu yalikuwa manne. Moja lilitoka kwa dada yake, ambaye hakumtambua mtu yeyote ila alitaka kusalimia.

Jemima alisomea utunzaji wa kumbukumbu Kisangani. Tangu arudi anatunza chumba cha kumbukumbu cha chama kimoja cha utamaduni mjini Butembo. Ndani mna rafu za chuma, skana moja, na betri ya sola ambayo hutosha mpaka mchana kama hakuna mawingu. Kabla ya kufungua ukurasa, wageni wake walikuwa wanafunzi waliotumwa na mwalimu. Watu aliowahitaji hawakuwa Butembo. Walikuwa Goma, Bunia, Kampala, au sebuleni kwa ndugu mjini Beni: watu waliokimbia vijiji vyao na kuacha nyumba ziungue pamoja na kila kilichokuwa ukutani. Sufuria hununuliwa tena, na godoro pia. Picha ya harusi ya mama yako hainunuliwi. Jemima aliona kwamba njia ya kuwafikia watu hao ni simu, na katika hilo hakukosea.

Alijiwekea kanuni. Picha moja kila Ijumaa, yenye namba na swali. Na kamwe uso wa mtu mmoja peke yake. Kanuni hii ya mwisho hakuna mtu wa Beni au Butembo ambaye angehitaji kuelezwa. Tangu mauaji yaanze Beni mwezi Oktoba 2014, habari za kifo hufika hapa kwa namna moja: uso kwenye simu, peke yake, mara nyingine bila neno. Ukiona uso wa binamu yako mahali usipoutegemea, unakaa chini kwanza, ndipo unauliza. Kwa hiyo Jemima aliweka kwaya, timu za mpira, mafundi wa barabara, watawa kwenye trekta. Waliofuata ukurasa wake waliongezeka polepole, wengi wao watu wa heshima wasioandika kitu.

Kisha akatokea Halima.

Halima Mashaka anauza vitenge sokoni Beni. Baba yake, marehemu Mashaka, alikuwa msafirishaji mwenye malori, na alimwachia binti yake albamu tatu. Mwaka 2019 Halima alianza kuwaonyesha binamu zake picha hizo katika kundi la WhatsApp. Kundi likajaa, akafungua la pili, kisha ukurasa wa Facebook. Hakuandika namba wala mwaka. Aliweka picha, na chini yake vokali, yaani ujumbe wa sauti yake mwenyewe, yenye mkwaruzo kidogo na tayari kucheka.

"Eh, bandugu! Angalieni huyu kijana na pantalon yake. Ile chini inaweza kufagia barabara yote kutoka hapa mpaka Mavivi. Ni mutoto wa nani? Baba yake ajitokeze, hapana mutu atamupiga."

Na baba, au mjukuu, alijitokeza. Mtu wa Kampala alijibu kwamba kijana ni mjomba wake, sasa ni katekista na suruali zake zimepungua upana. Mwingine akaleta jina la mshonaji. Mwingine akakumbuka kwamba siku ile ile mvua ya mawe iliharibu maharage. Kufikia jioni picha moja ilikuwa na kijiji kizima chini yake.

Jemima aliisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza nyumbani kwake, mtaa wa Mususa. Ilitoka kwenye simu ya mumewe, Zacharie, mwalimu wa sekondari, mtu asiyecheka ovyo. Alikuwa amekaa kitandani akicheka.

"Unacheka nini?"

"Hapana kitu. Ni Halima wa Beni."

"Halima wa Beni ni nani?"

"Si ule wa mapicha. Sikiliza hii, Mama."

Jemima alisikiliza mpaka mwisho. "Hakuandika mwaka," akasema.

"Mais mwaka batu banaijua. Banaandika benyewe."

Kuanzia siku hiyo Jemima alimfuatilia Halima kwa bidii ambayo hakuwa amemwonyesha mtafiti yeyote. Alitumia simu ya Zacharie, kwa sababu WhatsApp humwonyesha mwenye statut, yaani picha ya siku, nani ameitazama, na jina lake hakutaka lionekane pale. Kila Ijumaa, kabla ya kuweka picha yake, alikwenda kwanza kuona wafuasi wa Halima wamefika wangapi. Alijua ni siku gani Halima hakuweka kitu, na siku hizo kahawa ilimshuka vizuri. Mumewe alipotaja jambo fulani la zamani mezani, Jemima aliuliza alilisoma wapi, na alijua jibu kabla hajajibiwa.

Kilichomchoma zaidi kilitoka mtaani kwake mwenyewe. Jirani mmoja, ambaye Jemima alimbembeleza miaka miwili alete albamu ya wazazi wake ikapigwe skana, alizituma picha zote kwa Halima siku moja ya mvua. Jemima alizikuta kwenye ukurasa. Alimkuta jirani bombani.

"Nilituma tu na simu, Mama Jemima," jirani alisema bila kuona haya. "Kwako mutu anaanzaka na kusaini. Kwa Halima mutu anaanza na kucheka."

Lakini kulikuwa na kitu ambacho Halima hakuwa nacho, na Jemima alijishikilia hapo. Alikuwa na Mzee Abdias.

Abdias Muyisa alikuwa mpiga picha pekee ambaye karibu kila familia ya eneo hili iliwahi kusimama mbele yake. Alifungua studio Butembo mwaka 1969, na kwa pikipiki alifika kila mahali palipokuwa na harusi, ubatizo au ufunguzi wa shule, kuanzia Kanyabayonga upande wa kusini mpaka miteremko ya Rwenzori. Mwaka 1998, vita vilipoanza upya, askari waliingia studio wakachukua kamera, taa na kitambaa kilichochorwa mandhari ya nyuma. Filamu hawakuzichukua, hawakujua zina faida gani. Abdias alizipanga katika makasha ya bati, akafunga mlango, akarudi kwao Mutwanga kulima kakao. Makasha yakakaa chini ya kitanda chake na juu ya dari.

Ndani ya makasha hayo wamo watu ambao picha zao za ukutani ziliungua. Jemima alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na tangu 2012 alikuwa akienda Mutwanga kila alipopata njia: kwanza kwa teksi mpaka Beni na pikipiki kutoka Beni, baadaye, barabara ya Kasindi iendayo huko ilipoharibika kwa mashambulizi, katika msafara wa magari yanayolindwa na askari. Kila mara Mzee Abdias alimpa sombe ya majani ya mihogo na samaki, akamwonyesha makasha, akayafunga tena.

"Bado, binti yangu," alimwambia. "Ndani humu ni batu. Batu hapana kugawiwa kama mihogo."

Safari moja alimpa picha moja tu, aliyojipiga mwenyewe mbele ya kioo: kijana mwenye nywele nyingi na tai nyembamba, akitazama kando. Jemima aliitia namba na kuiweka kwenye bahasha yake. Hakuwahi kuichapisha.

Mwishoni mwa 2020 watu wenye mapanga na bunduki walianza kufika vijiji vya jirani na Mutwanga. Nyumba ziliungua huko pia. Jemima alilala na wasiwasi wa makasha. Hofu hiyo aliwaambia watu wengi, katika mikutano na katika barua kwa wafadhili. Hofu ya pili hakumwambia mtu: kwamba hayataungua, ila yataenda Beni.

Jumanne moja ya Agosti 2021, Halima aliweka picha ya harusi ya wazazi wake. Bwana na bibi harusi wamesimama mbele ya lori lililofungwa maua, na bibi harusi anacheka mdomo wazi, jambo ambalo hakuna bibi harusi wa miaka ile aliyeruhusiwa kulifanya. Nyuma ya picha, Halima alieleza, kuna muhuri wa studio ya Abdias wa Butembo.

"Kumbe Papa Abdias yuko hai, bandugu, yuko Mutwanga! Nimemupigia simu. Juma linakuja ninaenda kumuona. Banasema iko na makasha mazima. Muniombee njia."

Jemima alisikiliza vokali hiyo jikoni, simu ya mumewe ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Hakuirudia. Jumatano asubuhi, bila kungoja Ijumaa, aliwahi kazini, akaitoa ile bahasha, akaweka picha ya Abdias kwenye ukurasa. Aliandika kwa usahihi wake wa kawaida:

"Abdias Muyisa, mpiga picha. 1969–1998. Kazi yake yote itahifadhiwa katika chumba cha kumbukumbu cha Butembo."

Sentensi ya mwisho haikuwa kweli bado. Aliiandika ili mtu mmoja wa Beni aisome. Swali lake la kila Ijumaa hakuliweka, kwa kuwa safari hii hakuwa na la kuuliza.

Mtandao ulikuwa mzito asubuhi hiyo. Maoni hayakufunguka, ila idadi yake ilionekana, na idadi ilipanda. Ilipita ya mwezi mzima, kisha ya mwaka mzima. Waliosambaza picha walikuwa wengi kuliko waliowahi kusambaza kitu chochote kutoka kwenye ukurasa ule. Jemima alitazama namba zikibadilika kama mtu anayetazama maziwa yakipanda kwenye sufuria. Kabla ya saa sita alitia simu mfukoni na kutoka kwenda kununua mboga. Wenzake wa ofisini wanakumbuka kwamba aliwaaga akiimba.

Karibu na kwake Mususa alikuta vijana wanabeba mabenchi. Turubai lilikuwa limeshafungwa kwenye nguzo tatu, na wanawake walikuwa wakiingia mmoja mmoja uani, mikono kichwani. Ilikuwa nyumba ya Kaswera, binti mkubwa wa Mzee Abdias.

Jemima alimkuta Kaswera amekaa kwenye mkeka, kitambaa cha kichwa kimefunguka.

"Kaswera, ni nani?"

"Ni Papa," Kaswera alisema. "Papa ametuacha."

Jemima aliketi chini palepale na kulia. Alikuwa amekula sombe ya mzee yule miaka tisa, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Katikati ya machozi hayo likamjia wazo kavu kabisa: makasha sasa yatakwenda kwa nani?

"Amefia wapi?" akauliza. "Nani aliwapigia simu?"

"Hapana mutu alipiga. Simu yake haipiti tangu jana. Tuliona ku page."

"Page ya Halima?" Jemima aliuliza, haraka mno.

Kaswera alimtazama. "Hapana. Ku page yenu, Mama Jemima. Mulimuweka asubuhi, na miaka yake."

Uwanja ukanyamaza vipande vipande, kuanzia mkekani kwenda nyuma, kila mmoja akimuuliza jirani yake kumesemwa nini. Jemima alitoa simu. Sasa maoni yalifunguka. Apumzike kwa amani. Mungu amupokee. Alitupiga picha ya communion yetu. Pole kwa familia. Yaliendelea hivyo mpaka chini. Uso peke yake, mweusi na mweupe. Miaka miwili na kistari katikati. Hakuna aliyepiga hesabu ya miaka. Kistari kilitosha.

"Ile miaka ni ya studio," Jemima alisema.

"Ya nini?" aliuliza shangazi mmoja wa Kaswera, mwanamke mnene aliyekuwa amelia mpaka sauti ikakauka.

"Ya studio. Ilifunguliwa soixante-neuf, ikafungwa quatre-vingt-dix-huit. Sikusema amekufa."

"Donc ni studio njo ilikufa."

"Ndiyo, mama."

Shangazi aligeuka kwa waombolezaji. "Bandugu, mumesikia? Tulilie studio. Bâche imekwisha kufungwa, mabenchi iko tayari." Kisha akamrudia Jemima, na safari hii hakuwa anatania. "Na weye mwenye kumuua, umekuja kulia nini hapa? Umesoma vitabu vyote, hapana ulisoma hiki?"

Hakuna aliyecheka. Kusema kwamba miaka ni ya studio hakukumfanya mzee awe hai. Simu yake bado haikupita, na barabara ya Mutwanga kila mtu alijua ilivyo. Mtu anaweza kutangazwa kwa makosa asubuhi na ikawa kweli jioni. Mkwe wa mzee, Lusenge, alikuwa ameshaondoka Kanyabayonga na mbuzi nyuma ya pickup. Jemima aliiondoa picha ukurasani, lakini nakala zake zilikuwa zimeshafika kila simu iliyomjua Abdias. Alibaki amesimama kando ya nguzo ya turubai. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyempa benchi.

Alasiri simu ya Kaswera iliita, na vokali ikaingia kutoka kwenye kundi la Beni. Kaswera aliinua simu juu ili wote wasikie. Ilikuwa sauti yenye mkwaruzo.

"Bandugu, simamisheni kwanza machozi. Tangu asubuhi munanitumia ile picha, munaniuliza ni kweli. Sikuitia ku kundi juu sikujua. Nilipigia mama moja mukiriya wangu wa Mutwanga, mwenye kununua vitenge kwangu, akapanda na moto, ile pikipiki ya mutoto wake, mpaka kwa muzee. Sikilizeni."

Kulikuwa na upepo, kuku, kisha mtu akakohoa.

"Ni mie Abdias. Nilikuwa naanika kakao, simu iko bila moto, batri imekwisha. Banasema munanilia huko Butembo. Wasingya, asanti. Banasema tena Lusenge analeta mbuzi ya kilio. Ile mbuzi, hapana mutu aiguse mpaka nifike."

Uwanja ulilipuka. Wanawake waliokuwa wakilia walipiga vigelegele, Kaswera alilala kifudifudi kwenye mkeka akicheka na kulia, na shangazi alidai vokali irudiwe, kisha irudiwe tena. Kufikia jioni ilikuwa imefika Goma, Bunia na Kampala. Watu ambao hawakuwahi kumsikia Halima walijiunga na ukurasa wake ili wamsikie mzee akidai mbuzi wake.

Jemima alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa amefurahi kwamba mzee yuko hai. Hilo hana haja ya kulithibitisha kwa mtu. Lakini aliyekaa naye njiani hakuwa Abdias. Alikuwa Halima, ambaye alipata picha ile ile asubuhi ile ile, na badala ya kuisambaza akanyanyua simu. Yeye mwenye kanuni alizivunja, na yule asiye na kanuni hata moja akafanya jambo sahihi. Siku kubwa kuliko zote kwenye ukurasa wa Halima ilikuwa kazi ya Jemima.

Jumapili baada ya misa Mzee Abdias aliwasili Butembo katika pickup kutoka Beni. Halima ndiye aliyemleta. Ilikuwa mara ya kwanza Jemima kumwona ana kwa ana: mwanamke mfupi, mtandio wa rangi ya chungwa, simu mbili mkononi. Jemima alikuwa amemfikiria mrefu zaidi. Waliketi wote kwa Kaswera, chini ya turubai lile lile, na mbuzi alikuwa mezani.

Jemima aliomba msamaha kwa maneno aliyokuwa ameyatayarisha. Mzee hakumwacha amalize.

"Picha ulichagua muzuri," alisema. "Niliipiga mwenyewe. Kama nikufe kweli, weka ile ile."

"Muzee, huyu alikuzika, huyu alikufufua," shangazi alisema, akielekeza mfupa kwa mmoja na kwa mwingine. "Sasa weye unaenda na nani?"

Alitania, lakini meza yote ilingoja jibu, kwa sababu kila mmoja alijua ni makasha yanayoulizwa. Abdias alifuta mikono polepole.

"Makasha yanaenda Beni," alisema. "Kwa Halima."

"Ni juu ya kosa langu, Papa?" Jemima aliuliza.

"Hapana. Kosa ni kosa. Nilikuwa nimeshakata shauri mbele ya kufa." Alingoja kicheko kipite. "Jemima, miaka yote umekuja kwangu. Umeniuliza filamu ni ya mwaka gani, ni ya mahali gani. Ni kazi muzuri, mi nakuheshimu. Huyu alinipigia simu, hata hajaniuliza hali yangu, akasema: Papa, mama yangu alikuwa anacheka nini siku ile? Nimengojea niulizwe kitu kama hicho tangu quatre-vingt-dix-huit, tangu studio ifungwe."

"Alikuwa anacheka nini?" Kaswera aliuliza.

"Dereva alikuwa amekalia keki."

Hata hapo Jemima hakucheka. Alisema kwamba makasha ni ya mzee na shauri ni lake. Kwa muda meza ilizungumza mambo ya kakao. Kisha Halima aliinama upande wa Jemima.

"Yaya, dada yangu mukubwa, nikuombe kitu. Utanifundisha kuzisafisha? Mi nilifikiri nitaziosha na Omo kidogo, nazianika ku kamba."

Jemima aliweka uma chini. "Na Omo?"

"Omo kidogo tu."

"Nina kazi nyingi kwa sasa, madame," Jemima alisema, na akaaga kabla ya chai.

Makasha yalishuka Beni kwa msafara wa juma lililofuata, yote, na hakuna lililopotea njiani. Halima alitangaza kufika kwayo. Kisha akatangaza kulifungua la kwanza, na katika vokali hiyo hakutania. Alisema filamu zimegandamana na zinanuka vinaigre, na kama kuna mtu anajua kwa nini, aseme.

Jemima alijua. Harufu ya siki ni ya filamu iliyoanza kuoza, na uozo huo huhama kutoka filamu moja hadi jirani yake kama zimefungiwa pamoja. Hili alifundishwa Kisangani. Watu kadhaa walimjibu Halima: mmoja alishauri majivu, mwingine maji ya ndimu. Jemima hakuandika kitu. Zacharie, aliyemjua mkewe, alimuuliza kama hatasema neno, na akajibiwa kwamba mwenye ukurasa ana wafuasi wa kutosha wa kumsaidia. Siku hizo mbili, kwa kauli ya Zacharie, chakula kilikuwa kitamu sana nyumbani.

Siku ya tatu Halima aliweka picha: filamu imenyooshwa juani uani kwake, inang'aa maji, na kidole gumba cha mtu kiko katikati ya nyuso. Jemima alichukua simu yake mwenyewe na kupiga.

"Weka chini," alisema.

"Allô? Ni nani?"

"Ni Jemima wa Butembo. Hiyo filamu, weka chini. Itoe ku jua. Shika pembeni, hapana katikati. Zile zenye kunuka, uzitoe zote ku makasha, uziweke nyumba ingine. Usioshe tena kitu."

Kulisikika viatu vikikimbia, mlango, mtu akifokewa aondoe beseni.

"Nimetoa," Halima alisema akihema. "Yaya, nilijua utapiga."

"Hukujua."

"Vraiment sikujua. Nilikuwa naogopa sana. Sasa hii ingine imeshikana na mwenzake, nivute?"

"Usivute!"

"Basi kuja mwenyewe, yaya. Hii bintu mi sitaweza. Papa Abdias ataniua, na mi hapana mutu wa kunifufua."

Jemima alihesabu siku zilizobaki mpaka Jumatatu.

"Nitakuja," alisema. "Mais hapana kunitia ku vokali."

"Nitajaribu," Halima alisema, na kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba hataweza.

Zacharie alikuwa mlangoni. Aliuliza kama basi amemsamehe.

"Nani amesema?"

"Sasa unaendea nini?"

"Siwezi kumwacha peke yake nazo," Jemima alisema, akaenda kutafuta glavu zake za pamba.

Anaondoka Butembo Jumatatu kwa gari la kwanza na atalala kwa Halima. Makasha yatafunguliwa moja moja katika chumba cha nyuma cha duka la vitenge, na Jemima ataandika namba ya kila filamu. Picha zitakazookolewa zitatoka kwanza kwenye ukurasa wa Halima.